Mlango Uko Gereza la Kaunti

Waswahili wengi walioko Marekani, wawe Louisville, Houston, Des Moines au Minneapolis, wakisikia ICE, polisi wa uhamiaji wa serikali kuu, huwaza gari lenye vioo vyeusi nje ya fleti na watu waliofunika nyuso. Hayo yapo, na tangu 2025 yamezidi. Lakini kwa miaka mingi njia pana iliyowafikisha watu mikononi mwa uhamiaji imekuwa nyingine, tena haina kelele. Taa ya nyuma imeungua, polisi wa kawaida kasimamisha gari, dereva hana leseni, kapelekwa gereza la kaunti, kabonyeza vidole kwenye kioo. Ofisa wa uhamiaji hajainuka hata kitini, na mtu tayari yumo kwenye orodha yake.

Kwa hiyo unapohamia mahali, usihangaike kuuliza kama ICE wapo. Wapo. Uliza gereza la kaunti hiyo linaendeshwa na nani, na jimbo limemwamuru afanye nini.

Kwa aliyekulia Tanzania au Kongo, ambako polisi ni wa taifa zima na amri hushuka kutoka makao makuu, mpangilio wa huku unachanganya. Mji una polisi wake, chini ya mkuu aliyeteuliwa. Kaunti ina sherifu, ambaye kwa sehemu kubwa ya nchi huchaguliwa kwa kura kama diwani, na kwa kawaida ndiye mwenye funguo za gereza. Jimbo nalo lina askari wake wa barabara kuu. Polisi wa mji anaweza kusimama kanisani kwenu akaapa kwamba yeye haulizi makaratasi, akawa anasema kweli tupu, na usiku uleule akampeleka mtu wenu kwenye gereza la sherifu mwenye mkataba na ICE. Mikutano mingi ya "polisi na jamii" huishia bila mtu kuuliza swali hilo la gereza. Anayealikwa kujibu maswali ni mkuu wa polisi, naye gereza si lake.

Sheria ya uhamiaji yenyewe ni ya serikali kuu. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali hiyo kuu haiwezi kumlazimisha ofisa wa kaunti au wa jimbo kuitekelezea sheria zake. Kesi ile ilihusu bunduki, haikuhusu wageni hata kidogo, lakini ndiyo ngao wanayoshika California na Illinois mpaka leo. Mwaka 2012, katika kesi ya Arizona, mahakama hiyohiyo ikaweka mpaka upande wa pili: jimbo haliwezi kujitungia makosa yake ya uhamiaji, wala polisi wake kumkamata mtu kwa sababu tu anaonekana anastahili kuondolewa nchini. Kilichosalimika ni kifungu kimoja cha sheria ile ya Arizona ya 2010: polisi aliyekwisha kumsimamisha mtu kwa sababu nyingine halali, na akawa na shaka yenye msingi, anaweza kuulizia hali yake ya uhamiaji. Desemba 2023 Texas ilijaribu kuuvuka mpaka huo kwa kufanya kuingia nchini kinyemela kuwa kosa la jimbo, na kesi zikafunguliwa kabla sheria haijaanza kufanya kazi. Katikati ya mipaka hiyo miwili jimbo lina nafasi kubwa ya kuamua, na ndiyo sababu mtu yuleyule, kwa kosa lilelile, hulala nyumbani Chicago, Illinois, na hulala mahabusu ya uhamiaji Jacksonville, Florida.

Sasa tuingie gerezani, maana hapo ndipo penye mengi.

Mtu akishaandikishwa, alama zake za vidole hutumwa FBI kama za mtu yeyote. Tangu mpango ulioanzia kaunti ya Harris, yaani Houston, mwaka 2008, na uliokuwa umeenea nchi nzima kufikia 2013, alama hizo hizo huendelea moja kwa moja hadi kwenye hazina ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Huko ndiko zilikohifadhiwa za viza, za maombi ya hifadhi na za wakimbizi waliochukuliwa vidole wakiwa bado kambini, Nyarugusu au Kakuma. Kisha kuna kituo cha ICE kilichoko Williston, Vermont, kinachojibu maswali ya polisi wa nchi nzima mchana na usiku. Sherifu hana uchaguzi katika hatua hii, na jimbo halina. Hata California, yenye sheria ya ulinzi iliyoanza kazi Januari 2018, vidole vinakwenda. Anayekuambia "hapa ni jimbo salama, hawatajua" anakupotosha. Watajua. Tofauti huja kwenye kinachofuata.

Kinachofuata ni karatasi ya kurasa chache iitwayo I-247A, ambayo mahabusu wote huiita holdi ya ICE. Inaliomba gereza mambo mawili: liwape ICE taarifa kabla ya kumwachia mtu, na limshikilie hadi saa 48 zaidi baada ya wakati ambao angetoka. Neno la kushika hapo ni "inaliomba". Tangu Aprili 2017 ICE huambatanisha hati ya I-200 au I-205, na hizo zinaitwa hati za kukamata, lakini anayetia saini ni ofisa wa uhamiaji. Hakimu hajaiona. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliyoko Philadelphia ilisema wazi kwamba holdi ni ombi tu, na gereza likimshikilia mtu basi limeamua lenyewe. Mwaka huohuo kaunti ya Clackamas, Oregon, ikashindwa kesi ya mwanamke ambaye dhamana yake ilikuwa ya dola 500, lakini familia ikaambiwa hata wakilipa hatoki. Wanasheria wa kaunti nyingi waliisoma hukumu ile, wakapiga hesabu ya fidia, na magereza kadhaa yakaacha kushikilia watu ndani ya wiki chache. Si huruma iliyowabadilisha. Ni bima.

Hapo ndipo majimbo yalipogawana njia. Iowa ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoyataka magereza yatii holdi. Texas ilikuwa imefanya hivyo 2017, na mwaka 2025 ikaongeza kwamba masherifu wanaoendesha magereza waingie mkataba na ICE. Georgia ilipitisha yake 2024. Florida ilianza 2019, na kufikia mapema 2025 masherifu wa kaunti zote 67 walikuwa wametia saini mkataba. Upande mwingine, Oregon ina sheria ya kuwazuia polisi wake tangu 1987, kabla wengi wetu hatujajua Oregon iko wapi. Illinois, Washington na New Jersey zikafuata kwa namna zao. Minnesota haina sheria kubwa ya aina hiyo, lakini Februari 2025 mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni kwamba sheria ya jimbo hairuhusu gereza kumshikilia kwa holdi mtu aliyepaswa kuachiwa. Na msidhani mambo yakishapangwa yamepangwa. Louisville, mji wenye Wakongo wengi, ilikuwa haishikilii mtu saa 48. Julai 2025, baada ya kubanwa na Wizara ya Sheria, meya akatangaza kwamba watashikilia. Aliyekuwa anategemea ushauri wa mwaka uliotangulia aliamkia sheria mpya.

Mkataba ninaoutaja unaitwa 287(g), namba ya kifungu kilichoongezwa 1996. Una sura tatu, na ni muhimu kujua kaunti yako ina ipi. Ya kwanza ni ya gerezani: askari wa sherifu hupata mafunzo ya wiki nne, kisha humhoji mahabusu na kuandaa karatasi za kumwondoa nchini. Ya pili, iliyobuniwa 2019, ni ndogo: askari husoma siku moja tu na kazi yake ni kumkabidhi mtu hati ya ICE akiwa tayari ndani. Ya tatu ndiyo ya barabarani, ambapo askari aliyevaa sare ya kaunti au ya jimbo anaweza kumhoji na kumkamata mtu kwa jambo la uhamiaji akiwa kwenye doria ya kawaida. Hiyo ilisitishwa 2012 na ikafufuliwa Januari 2025, safari hii kwa mafunzo ya saa 40 mtandaoni. Saa 40, kwa sheria ambayo mawakili huisoma miaka na bado wanakosea.

Sababu ya kusitishwa haikuwa siri. Kaunti ya Maricopa, Arizona, chini ya sherifu Joe Arpaio, iliingia mkataba 2007. Misako yake ikalenga watu kwa rangi na lugha. Serikali kuu ikamnyang'anya madaraka ya barabarani 2009 na ya gerezani 2011, na Mei 2013 hakimu akaamua kwamba ofisi ile ilikuwa inawasimamisha Walatino kwa ubaguzi. Walipa kodi wa kaunti wameendelea kulipa mamilioni ya dola ya usimamizi wa mahakama miaka mingi baada ya sherifu mwenyewe kuondoka. ICE huchapisha orodha ya mikataba yote kwenye tovuti yake, kaunti kwa kaunti, na sura ya mkataba imeandikwa kando. Itazameni kila baada ya miezi michache. Watu hutazama mara moja wakadhani wamemaliza.

Barabarani, mengi huharibika ndani ya dakika tano za kwanza. Dereva anatakiwa kutoa leseni, usajili wa gari na bima. Basi. Polisi hatakiwi kurefusha kumsimamisha mtu kupita muda wa kushughulikia kosa la barabarani. Hilo Mahakama ya Juu ililisema 2015. Jina la kweli mpe, maana majimbo kama Arizona na Texas yana sheria za kuadhibu anayekataa au anayedanganya jina, kila moja kwa masharti yake. Ulizaliwa wapi, uliingiaje, una grini kadi au huna: hayo unaweza kukataa kuyajibu kwa upole. Mwenye grini kadi au hadhi nyingine awe na karatasi yake mfukoni, kwa kuwa sheria inamtaka mgeni wa miaka 18 na zaidi atembee nayo. Kosa kubwa tunaloliona ni kuonyesha pasipoti ya nyumbani kama kitambulisho wakati leseni ipo. Mtu anadhani anaonyesha heshima, kumbe amejibu swali ambalo hajaulizwa.

Leseni ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Minnesota, tangu Oktoba 2023, inatoa leseni bila kujali makaratasi, na Colorado, Washington na Illinois pia hutoa. Mkaazi wa huko anayeendesha bila leseni kwa uvivu tu wa kwenda kufanya mtihani anacheza na kitu kikubwa. Texas, Florida na Georgia hazina nafuu hiyo, na huko kuendesha bila leseni kwaweza kumpeleka mtu gerezani moja kwa moja.

Kisha lugha. Hapa wakalimani wa mahakamani wana mengi ya kusema na hawasikilizwi. Kiswahili hujibu swali la kukanusha kwa kulikubali: ukiniuliza "hukumsukuma?" nami sikumsukuma, nitasema "ndiyo". Polisi akiuliza kwa Kiingereza "you didn't push her?" na mtu akajibu "yes" kwa mantiki ya nyumbani, ripoti inaandika kwamba amekiri. Ripoti hiyo ndiyo anayoisoma mwendesha mashtaka asubuhi, na ndiyo itakayoletwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Jibuni kwa sentensi nzima: "Sikumsukuma." Halafu kuna Kiswahili cha Kongo. Mtu wa Bukavu akisema "nilikamata pesa" amezipokea au amezichukua tu. Mkalimani wa simu aliyezoea Kiswahili cha Mombasa anaweza kusikia jambo la kunyakua. Kama mkalimani hamwelewani, semeni hapohapo. Kunyamaza kwa adabu ndiko kunakoumiza, na wazee wetu ndio wanaonyamaza zaidi. Kama lugha ya nyumbani ni Kibembe au Kinyamulenge, taja hiyo kwanza, usikubali Kiswahili kwa sababu tu karani amekiona kwenye orodha yake.

Makosa ya kuogopa si yale makubwa peke yake. Tangu Januari 29, 2025, sheria ya Laken Riley inataka mtu asiye na hadhi ya kuingia nchini kihalali azuiliwe bila dhamana ya uhamiaji akishtakiwa tu, au akikamatwa tu, kwa wizi, pamoja na udokozi wa dukani. Hukumu haihitajiki. Kile kimashine cha kujilipia mwenyewe dukani, ambapo mtu hupitisha vitu 12 na kimoja kikakataa kusoma akakitia mfukoni, kimekuwa hatari kuliko barabara kuu. Ugomvi wa nyumbani nao: jirani akipiga 911, polisi wa majimbo mengi hawaondoki bila kumchukua mtu, na kukiri kosa la kumpiga mwenza ni sababu ya kuondolewa nchini hata kwa mwenye grini kadi.

Ndipo linapokuja suala la dhamana, ambalo familia hulikosea kwa moyo mwema. Habari imefika saa nne usiku, shemeji kachangisha, kanisa limetoa, dola 2,000 zimepatikana kabla ya alfajiri. Zikalipwa. Lakini kulikuwa na holdi. Kulipa dhamana ya jimbo hakumtoi mtu nje. Kunaanzisha saa 48, na ICE wakija ndani ya muda huo anakwenda nao. Kesi ya jimbo bado iko pale pale, siku yake ikifika hayupo, hakimu anatoa hati ya kukamatwa kwa kutohudhuria, na dhamana inaweza kupotea. Kabla ya kulipa senti, piga simu gerezani uliza kama kuna holdi. Wengi hujibu, magereza mengine huionyesha kwenye ukurasa wa mahabusu mtandaoni. Kisha zungumza na wakili wa jinai. Huyo, kama mtu hana uwezo, mahakama humpa bure katika kesi inayoweza kumfunga, na tangu kesi ya Padilla ya 2010 ana wajibu wa kumwambia mteja athari ya uhamiaji kabla hajakiri chochote. Mahakama ya uhamiaji haina wakili wa bure wa serikali. Huko unajilipia, au unatafuta shirika la msaada wa sheria. Yule mzee wa kanisa anayejaza fomu vizuri kwa dola 200 si wakili, na hawezi kusimama mbele ya hakimu.

Saa 48 zikipita na ICE hawajaja, gereza halina tena karatasi ya kumshikilia. Fomu yenyewe husema saa 48 tu, lakini kanuni ya zamani huitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu kwenye hesabu, kwa hiyo usishangae gereza likihesabu hivyo. Andika saa kamili ya dhamana kulipwa na jina la aliyepokea. Wakili ataanzia hapo. Na simu za gerezani zinarekodiwa. Usizungumzie mtu alizaliwa wapi wala aliingia na viza gani, hata kwa Kiswahili. Wakalimani wapo.

Jambo la ubalozi lina mtego wake. Mgeni aliyekamatwa ana haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe. Kwa Mkenya, ni hiari yake. Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo lazima zijulishwe, mtu atake asitake. Sasa fikiria kijana Mkongo aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Karani anaona mahali pa kuzaliwa, anaandika Tanzania, na simu inapigwa kwenye ubalozi wa nchi isiyo yake. Aliyekimbia serikali yake hapaswi kufichuliwa kwa ubalozi kwamba aliomba hifadhi, kwa hiyo wakati wa kuandikishwa aseme wazi uraia wake na mahali alipozaliwa kama mambo mawili tofauti, akichagua kuyajibu.

Mkanganyiko huohuo hurudi mtu akishachukuliwa na familia ikaanza kumtafuta kwenye mfumo wa ICE wa mtandaoni. Njia ya uhakika ni namba ya A, tarakimu 9 zilizo kwenye kadi ya kazi, grini kadi au barua za uhamiaji. Piga picha zihifadhiwe na mtu mwingine wa nyumbani, zisikae kwenye simu ya mhusika peke yake. Bila namba hiyo lazima uandike jina kama lilivyo kwenye faili, herufi kwa herufi, pamoja na nchi ya kuzaliwa. Jina la Mkongo lenye sehemu tatu hugeuzwa na karani, la kwanza likawa la mwisho. Jaribu mpangilio wote. Chagua Kongo ya Kinshasa, kisha Kongo ile nyingine, kisha Tanzania. Tarehe ya kuzaliwa iache wazi. Nusu ya kambi ilizaliwa Januari 1 kwenye makaratasi. Na mtu aliyehamishwa leo huenda asionekane mpaka kesho.

Huku nyuma gari liko kwenye yadi. Lilivutwa na breki dauni usiku ule, na yadi hutoza kwa siku, pamoja na ada ya kuvuta. Wengi hulisahau kwa wiki nzima, wakija kukumbuka deni limekaribia bei ya gari. Hutolewa kwa mwenye usajili au mwenye barua yake iliyothibitishwa kwa muhuri, na ufunguo mara nyingi umo kwenye mfuko wa vitu vyake gerezani. Mfuko huo unaweza kusafiri naye ICE wakimchukua. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla holdi haijafika, mwombe atie saini fomu ya kukabidhi vitu vyake kwa ndugu, na muulize karani kama gereza lina mthibitishaji wa saini. Mengi yanaye, lakini si kila siku ya wiki.